Kabla ya Kununua Kompyuta, Hesabu Umeme



Leo mazungumzo ni ya mashini, yaani kompyuta, na hasa ya kijana anayetaka kutengeneza michezo ya simu. Wapo, msidhani hawapo. Wapo Katuba, wapo Ruashi, wapo na huku Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi, mahali ambapo wengi wakilisikia jina wanafikiria shaba tu. Wamecheza ludo, karata na mbio za magari kwenye simu tangu wakiwa wadogo, na sasa wanataka kuhamia upande wa yule anayetunga. Swali lao huwa moja: "Baba, nina dola 300, nichukue mashini gani?" Mwingine ana 200. Mwingine hana kitu bado, ila anauliza ili ajue aweke akiba ya kiasi gani, na huyo ndiye ninayempenda zaidi.

Wauzaji wa mjini wana jibu tayari. Watakuambia i7, yaani aina ya prosesa ya Intel. Ukiuliza i7 ya mwaka gani, watarudia i7, kwa sauti kubwa zaidi. Mimi naona swali lenyewe limeanzia katikati. Kabla ya jina la mashini kuna mambo mawili ya kujua: umeme unaupata saa ngapi kwa siku, na mchezo wako utachezwa kwenye simu ya nani. Ukishayajibu hayo, nusu ya mashini zilizopangwa dukani zitakuwa zimejiondoa zenyewe, na mara nyingi zinazojiondoa ni zile za bei kubwa.

Tuanze na umeme. Mgodi wa Kinsevere uko mikononi mwa kampuni ya MMG tangu 2012, iliponunua kampuni ya Anvil Mining. Na mwenye hisa nyingi za MMG ni China Minmetals. Mgodi hutoa mabamba ya shaba safi, na mwaka 2023 ulianza kutoa kobalti pia. Kuivuta shaba kutoka kwenye maji ya asidi mpaka iwe bamba ni kazi inayokula umeme mchana na usiku, na kampuni yenyewe imeeleza mara kadhaa katika ripoti zake jinsi umeme wa gridi unavyoyumba hadi inalazimika kuwasha jenereta za dizeli. Basi kama mgodi wenye wahandisi na matangi ya dizeli unayumbishwa na delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, wewe mwenye chumba kimoja na soketi moja, au usiye na soketi kabisa na simu yako unaichaji kwenye kibanda chenye paneli ya jua, ni lazima ujipange mapema.

Hapa kuna jambo la kuchekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka. Betri za laptopu nyingi zimejengwa kwa kobalti, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu Kongo, tena kwa wingi katika Katanga hii. Inatoka hapa ikiwa kama unga wa rangi ya udongo ndani ya mifuko, inavuka Kasumbalesa, inafika China, inakuwa betri. Betri inaingia kwenye kompyuta, kompyuta inafanya kazi miaka minne au mitano katika ofisi ya Ulaya, kisha ofisi inaibadilisha. Inauzwa kwa jumla, huenda ikapitia Dubai, inashuka Dar es Salaam, inapanda lori, inavuka Tunduma, inavuka Kasumbalesa mara ya pili, na kufika sokoni kwetu betri ikiwa imechoka. Hiyo ndiyo bidhaa tutakayoizungumzia leo, na tutailipia kwa dola.

Nikiulizwa swali la dola 300 namkumbuka Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini. Wazazi wake walimzaa wakiwa njiani kukimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda na kukaa huko zaidi ya miaka 20. Siku moja aliona kompyuta mahali pa kuandikishia wakimbizi, akamwambia mama yake kwamba anataka kitu kile. Mama alikuwa akishona nguo. Hakumjibu kitu cha maana. Aliweka akiba kwa miaka 3, na zilipotimia dola 300 akaenda kumnunulia laptopu.

Sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kinachotuhusu. Kambini hapakuwa na umeme. Mayen alitembea saa 3 kwenda kwenye kafe ya intaneti kuichaji mashini yake, kisha akatembea tena kurudi. Mwalimu hakuwepo, masomo aliletewa na rafiki aliyekuwa Kampala, yakiwa ndani ya fulashi. Katika mashini hiyo aliukuta mchezo wa Grand Theft Auto: Vice City, na akapata wazo la kutunga mchezo wa kinyume chake, mchezo wa amani. Akauita Salaam. Ulianza kwa kurushwa simu hadi simu kwa Bluetooth, pale pale kambini. Leo anaishi Marekani, ana kampuni yake inayoitwa Junub Games, na Desemba 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards, ambazo katika fani hii hakuna kubwa kuzipita.

Wengi wakisimulia habari hii hukaa kwenye machozi. Mimi hukaa kwenye hesabu. Laptopu ya dola 300 ilitosha. Haikumwangusha. Kilichomla miguu ni umeme. Kwa hiyo ninyi mlio na dola 300, msizimwage zote kwenye mashini. Tengeni 80 au 100 pembeni kwa ajili ya paneli, betri na mega za intaneti. Mashini ya dola 200 inayowaka saa 6 kwa siku inaishinda mbali i7 ya dola 300 inayowaka saa 1.

Sasa jambo la pili: simu ya mchezaji. Angalieni simu zilizo mikononi mwa watu sokoni Kenya, nasema soko la komini yetu ya Kenya hapa Lubumbashi, si nchi. Ni Tecno, Itel, Infinix, zote za kampuni moja ya Kichina, Transsion. Nyingi zina RAM ya gigabaiti 2, 3 au 4. Nikisema RAM tulieni, sisemi ile tozo tuliyokatwa kwenye yuniti zetu tangu 2020 mpaka ikafutwa 2022. Nasema kumbukumbu ya kazi ya mashini, meza ambayo programu zinatandaza vitu vyake zikiwa zinafanya kazi. Simu yenye RAM ya gigabaiti 2 haiwezi kuubeba mchezo mzito hata uutengeneze kwenye kompyuta ya rais. Mchezo ukizidi megabaiti 100, mtu anaangalia mega alizobaki nazo na kuachana nao. Basi mchezo utakaochezwa Kinsevere, Kasumbalesa au Kolwezi ni mchezo mwepesi, wa picha bapa, wenye wazo zuri. Na mchezo wa namna hiyo hauhitaji kompyuta yenye kadi ya picha ya dola 600 na feni zinazolia kama mashini ya kusaga mahindi.

Wapo watakaoniambia kwamba mabingwa wanatumia Unity, programu ya kutengenezea michezo, na Unity ni nzito. Ni kweli, Unity ndiyo iliyotengeneza sehemu kubwa ya michezo ya simu duniani, na mtu mdogo anaitumia bila malipo. Lakini kuipakua pamoja na vifaa vyake vya Android ni gigabaiti nyingi, na kwa mtu anayenunua forfaiti ya siku hilo ni pigo. Halafu yapo mambo ya 2023. Septemba mwaka huo kampuni ya Unity ilitangaza kwamba itawatoza watengenezaji kwa kila mara mchezo unapopakiwa kwenye kifaa. Watengenezaji wakachachamaa dunia nzima, na mwaka mmoja baadaye, Septemba 2024, kampuni ikaifuta tozo hiyo. Imekwisha, sawa, ila mtu ameshajua kwamba chombo cha mwenzio kinaweza kubadilishiwa bei wakati nyama imo jikoni.

Ndiyo maana anayeanza namwelekeza kwenye Godot. Ilianzia Argentina, kazi ya Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 msimbo wake uko wazi: hulipi kuipata, hulipi kuuza mchezo wako, hakuna wa kukuandikia barua. Programu yenyewe haifiki megabaiti 200. Kuna faili za kutolea mchezo kwenye simu, karibu gigabaiti 1, na vifaa vya Android juu yake. Hivyo vinapakuliwa mara moja na mtu mmoja, kisha vinagawanywa kwa fulashi mtaa mzima, kama Mayen alivyogawiwa masomo yake. Lugha yake ya kuandikia, GDScript, inapanga mistari kwa nafasi, haijai mabano ya kujikunja. Sisi tuliozoea kibodi ya AZERTY ya Kibelgiji na Kifaransa tunajua taabu ya kuyatafuta mabano yale kwa vidole viwili.

Kwa wale wasiopenda kuandika msimbo kuna GDevelop, nayo iko wazi, nayo inafanya kazi hata ndani ya kivinjari. Na asiye na kompyuta kabisa asikae akingoja: Godot ina toleo la simu ya Android. Kioo ni kidogo, vidole vinafunika unachokitazama, lakini utajifunza kama kazi hii unaipenda kweli au unapenda kuitaja tu. Huo ni uchunguzi wa bure kabla ya kutoa dola.

Haya, tuingie dukani.

Mashini ninazozipendekeza ni zile zilizotumika maofisini: ThinkPad T480 ya Lenovo, Latitude 5490 au 7490 ya Dell, EliteBook 840 G5 ya HP. Zote ni za miaka ya 2018 hivi. Zilitengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni kubwa, mifuniko yake inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vyake vimejaa, na fundi yeyote wa Lubumbashi ameshazipasua. Usiombe mpya. Kwa dola 250 mpya utakayopewa ni ile nyembamba inayong'aa, yenye prosesa ya Celeron, RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye bodi isiyoongezeka milele, na hifadhi ya gigabaiti 64 inayojazwa na Windows peke yake. Hiyo ni ya mtoto kutazamia katuni.

Kwa nini mwaka 2018? Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Kwenye prosesa za Intel, baada ya i5 au i7 kuna kistari na namba. Kwenye hizi za laptopu tunazozungumzia, tarakimu ya kwanza ya namba hiyo ni kizazi. i5-8250U ni kizazi cha 8. i7-7500U ni cha 7. Sasa prosesa za ofisi zenye herufi U zilikuwa na viini 2 mpaka kizazi cha 7. Kilipokuja cha 8 vikawa 4. Yaani i5 ya kizazi cha 8 ina viini mara mbili ya i7 ya kizazi cha 7, na mwenye duka anakuuzia i7 kwa bei ya juu kwa sababu 7 ni kubwa kuliko 5. Mimi simwiti mwizi. Huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Lakini wewe soma namba yote, tena usiisome kwenye stika iliyobandikwa pembeni, maana stika zinauzwa kivyake. Washa mashini, fungua taarifa za mfumo, usome humo.

Kizazi cha 8 kina faida nyingine: Windows 11 inakikubali. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini za vizazi vya 6 na 7 hazimo katika orodha ya Windows 11. Ofisi za Ulaya zikazitupa nje, bei zikashuka. Mwenye dola 150 asilie basi. Achukue EliteBook au ThinkPad ya kizazi cha 6, aiwekee mfumo wa Linux Mint bure badala ya Windows, aendeshe Godot humo bila wasiwasi. Linux itamtoa jasho wiki ya kwanza. Itamfundisha pia.

RAM iwe gigabaiti 8, na iwe na nafasi ya kuongeza nyingine 8 siku za usoni. T480 ina matundu mawili ya RAM. Dada yake T480s ina moja na nyingine imechomelewa. X1 Carbon, ile nyembamba ya wakubwa, imechomelewa yote. Majina yanafanana, kwa hiyo uliza. Hifadhi iwe SSD, gigabaiti 256 zinatosha. Laptopu yenye diski ya kizamani inayozunguka itakufanya unywe chai mbili kabla haijafunguka, na umeme unaounguza wakati huo ni wako.

Watu huniuliza juu ya Android Studio, ile ya Google. Google wenyewe wanataka RAM ya gigabaiti 8 kwa programu peke yake, na 16 ukiwasha na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Usiiwashe. Simu ya kweli unayo mfukoni. Ingia kwenye mipangilio, gonga namba ya toleo mara 7, itakuambia umekuwa mtengenezaji. Ruhusu uchunguzi kwa waya wa USB, chomeka, mchezo wako utafunguka kwenye simu yenyewe. Tena utaona ukweli: kama unakwama kwenye Itel yako, unakwama.

Kuhusu kukagua. Usinunue mashini iliyozimwa, na usinunue jioni ukiwa na haraka ya basi. Fika mapema, siku ambayo dukani kuna umeme, na uombe itolewe kwenye chaja. Kaa nayo nusu saa ikitumia betri yake. Kwenye Windows kuna amri inayoandikwa powercfg /batteryreport; itakutolea ukurasa unaosema betri iliumbwa ibebe kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Iliyoumbwa na 50 ikawa inabeba 20, dai upunguziwe bei au ondoka. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Angalia kibodi ni ya nchi gani: zinazotoka Ujerumani zina mpangilio wao, Z na Y zimebadilishana nyumba. Jaribu tundu la chaji kwa kulitikisa kidogo. Na mwisho, zima, washa tena, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya mashini inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mashini mezani. Mashini yenye nywila ya BIOS bado ina mwenyewe, hata kama umeilipia.

Sasa nirudi kwenye umeme kwa hesabu, maana nimesema nitahesabu. Laptopu ya namna hii, ukifanya kazi ya kawaida, inakula wati 15 mpaka 25. Tuseme 20. Kwa saa 6 ni wati-saa 120. Paneli ya wati 100, kwa jua la saa 4 au 5 la kiangazi cha Katanga, inakupa zaidi ya mara mbili ya hizo hata ukitoa kinachopotea njiani. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 50, ina wati-saa 600 kwa maandishi. Usiishushe chini ya nusu, ukitaka idumu, kwa hiyo chukulia 300. Inatosha usiku mmoja wa kazi na taa na simu za nyumba nzima. Kuanzia Novemba mvua zikikaa, mawingu yatapunguza, na ndiyo maana nimeacha ziada.

Kosa la wengi ni inveta. Wananunua ile ya bei ya chini kabisa, inageuza volti 12 za betri kuwa 220, kisha chaja ya laptopu inazigeuza tena kuwa 20. Umeme unapotea mara mbili, chaja inapata moto, betri inaisha saa 3 usiku. Tafuta chaja ya gari ya laptopu, inayotoka 12 kwenda 20 moja kwa moja. Ni kifaa kidogo, wauzaji wa vipuri vya simu wanacho au watakuagizia.

Ndiyo sababu T480 naipenda kupita wenzake. Ina betri mbili: moja ndani, moja nyuma inayochomoka. Ya nyuma unaweza kuitoa na kuweka nyingine bila kuzima mashini, maana ya ndani inashikilia. Ipo ya nyuma kubwa, ya wati-saa 72. Mwenye betri mbili za nyuma anaweza kuacha moja kwenye kibanda cha kuchaji na kuendelea na kazi nyumbani. Kwa mtu wa Kinsevere hiyo ni faida kuliko kasi yoyote.

Kompyuta ya mezani sikuisahau. Kwa dola zilezile ya mezani ina nguvu zaidi, na kwa mtu anayekaa mtaa wenye umeme wa kuaminika, au shule yenye jenereta, ni chaguo la akili. Lakini pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 na zaidi, na umeme ukikatika inaanguka palepale na kazi ambayo hukuihifadhi. Na Mac? Ukitaka mchezo wako uingie kwenye iPhone ni lazima upate Mac mahali, kisha uilipe Apple dola 99 kila mwaka. Google Play wanataka dola 25 mara moja basi. Hesabuni iPhone zilizopo mtaani kwenu, kisha mwamue.

Na kwa nini mtunge wenyewe? Kuna mchezo mmoja ulitoka Septemba 2011, unaitwa Phone Story, kazi ya Mwitaliano Paolo Pedercini na kikundi chake Molleindustria. Unaonyesha safari ya simu, na kituo cha kwanza ni Kongo: mchezaji anawasimamia kwa bunduki watoto wanaochimba koltani. Ulikuwa mchezo wa kuwasuta wenye simu, na Apple waliuondoa dukani kwao mwezi uleule. Mtungaji alikuwa na nia yake, na alisema kweli chungu. Hata hivyo mimi nikiutazama naona kitu kingine: Mkongo yumo ndani ya mchezo, na hayumo miongoni mwa waliouandika. Wenzetu wa jirani walishaanza zamani. Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na 2009 akaungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion mwaka 2016, hadithi ya ufalme wa Kiafrika. Hapa Lubumbashi tuna Chuo Kikuu, tuna École Supérieure d'Informatique Salama, tuna vijana wanaojua kompyuta kuliko walimu wao.

Mkikosa wazo la kuanzia, ulizeni wazee kuhusu kisolo, ule mchezo wa kete na mashimo, mistari minne, ambao Waluba wanaucheza tangu mababu. Kanuni zake zinaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari, picha zake ni mviringo na mbegu, na mashini ya dola 150 itautengeneza bila kutoka jasho. Kuifundisha kompyuta icheze vizuri dhidi ya mzee ndiyo kazi itakayokutoa jasho wewe. Mkitaka kuutoa kwenye Google Play kama mtu binafsi mwenye akaunti mpya, mtahitaji watu 12 wa kuujaribu kwa siku 14 mfululizo. Watu 12 wanapatikana katika kwaya moja.

Nimalizie na neno kwa wenye ofisi: kampuni za migodi, benki, mashirika, na ninyi wakandarasi mnaozizunguka. Kila miaka michache mnabadilisha laptopu za wafanyakazi wenu, na nyingi ni hizohizo T480 na Latitude nilizozitaja. Zinabaki stoo zikipigwa vumbi, au wanauziana watu watano wanaojuana. Naomba zipelekwe shule za sekondari za Kinsevere na za vijiji vya jirani, kumi kumi, pamoja na paneli moja ya kuzichajia. Na tafadhali, mafundi wenu waondoe nywila za BIOS kabla hazijapakiwa kwenye gari.